Kuweka nakala kioo ya hazina ya msimbo kwenye seva ya ofisi

Ofisi yetu ndogo iko Uyole, upande wa mashariki wa jiji la Mbeya, na msimbo tunaoufanyia kazi umehifadhiwa kwenye seva iliyo ng'ambo. Mvua za Novemba hadi Aprili zinaponyesha mfululizo, umeme na intaneti hukatika mara kwa mara, na zamani kila mtandao ulipopotea waandaaji wa programu walikaa wakisubiri, ingawa kompyuta zao zote zimeunganishwa kwa waya katika chumba kimoja. Tulichofanya ni kuchukua kompyuta kuukuu, kuiwekea Linux, na kuifanya itunze nakala kioo ya kila hazina (mkusanyiko wa faili za mradi mmoja pamoja na historia yake) kwa kutumia git, programu ya kufuatilia mabadiliko ya msimbo, ileile ambayo kila mmoja wetu alikuwa nayo tayari.

Nakala kioo si sawa na nakala ya kawaida. Ukitumia `git clone` peke yake, unapata faili za kufanyia kazi na tawi moja (mkondo mmoja wa mabadiliko) lililo wazi, na matawi mengine huhifadhiwa pembeni kama kumbukumbu ya hali ya seva ya mbali. Ukiongeza `--mirror`, hupati faili za kufanyia kazi kabisa. Unapata historia yote, pamoja na matawi, lebo na viashiria vingine vyote, vikiwa na majina yaleyale yaliyoko kwenye chanzo, yaani hazina iliyo kwenye seva ya ng'ambo. Ingia kwenye saraka utakayotunzia hazina (kwetu ni `/srv/git`), kisha andika amri hii, ukiweka anwani ya hazina yako badala ya hii ya mfano:

`git clone --mirror https://seva.example/mazao.git`

Hatua hii ya kwanza ndiyo inayokula bando, na ubaya wake ni kwamba ikikatika katikati, git hufuta ilichokwisha kupakua na kukulazimu kuanza upya. Kwa hazina kubwa sikushauri kushindana na mtandao. Mwombe mwenzako mwenye intaneti nzuri, hata kama yuko Iringa, afungashe hazina nzima katika faili moja akiwa ndani ya nakala kioo yake:

`git bundle create mazao.bundle --all`

Faili hiyo huwekwa kwenye flashi, na flashi hupanda basi kama kifurushi kingine chochote, ikapita Mafinga na Makambako hadi kukufikia. Ukiipokea, andika `git clone --mirror mazao.bundle mazao.git`, ingia ndani ya saraka hiyo, kisha uelekeze nakala kwenye chanzo halisi kwa `git remote set-url origin https://seva.example/mazao.git`. Kuanzia hapo utapakua mabadiliko mapya tu.

Kabla ya jambo lingine lolote, funga mlango wa kusukuma, yaani wa kupeleka mabadiliko kwenye chanzo. Hazina iliyoundwa kwa `--mirror` hukumbuka kwamba ni kioo, kwa hiyo `git push` ya kawaida ukiwa ndani yake hufanya kazi kama `git push --mirror`: hulazimisha chanzo kifanane na nakala yako, na tawi ambalo wewe huna hufutwa kule. Mimi mwenyewe niliwahi kuiandika kwa mazoea nikiwa na nakala ya wiki iliyopita, na tawi la mwenzangu likatoweka; tulilirudisha kwa sababu tu alikuwa nalo kwenye kompyuta yake. Amri ifuatayo inaweka anwani isiyokuwepo, ili jaribio lolote la kusukuma lishindwe:

`git remote set-url --push origin HAIRUHUSIWI`

Kusasisha nakala ni kazi ya `git remote update --prune`, nayo huhitaji kuikumbuka kila siku. Fungua ratiba ya kazi zinazojiendesha zenyewe kwa `crontab -e` uweke mstari huu, ili kazi ifanyike saa nane na robo usiku, wakati mtandao hauna watu wengi:

`15 2 * * * cd /srv/git/mazao.git && git remote update --prune >> $HOME/kioo.log 2>&1`

Kwa kuwa usiku huo hakuna mtu wa kuandika nywila, hazina ya faragha itahitaji ufunguo wa SSH (faili inayokutambulisha kwa seva badala ya nywila) na anwani ya SSH badala ya ile ya https, na ni vyema ufunguo huo uruhusiwe kusoma tu.

Kioo huonyesha hata kasoro. Mtu akifuta tawi kimakosa leo jioni, `--prune` italifuta kwako usiku huohuo; akiandika historia upya kwa nguvu, nawe utaipokea hivyo, na hazina ya aina hii kwa kawaida haitunzi kumbukumbu ya mahali tawi lilipokuwa jana. Ndiyo maana kila Jumapili tunatengeneza faili ya `git bundle` yenye tarehe katika jina lake, na kuihifadhi kwenye diski tofauti. Amri hiyo iweke ndani ya skripti badala ya kuiandika moja kwa moja kwenye crontab, kwa sababu alama ya asilimia inayotumika katika `date +%F` ina maana nyingine kule na amri itakatikia hapo. Faili kubwa zinazotunzwa kwa Git LFS, nyongeza ya git inayoziweka nje ya historia ya kawaida, haziji zenyewe. Ziite kwa `git lfs fetch --all`. Orodha ya hitilafu na mijadala ya mradi si sehemu ya hazina, hivyo haimo.

Kilichobaki ni kuwafanya wenzako wasome kutoka kwenye kioo huku wakiendelea kusukuma kazi yao kwenye chanzo. Kila mmoja achukue nakala yake kutoka seva ya ofisini (hapa anwani yake ni 192.168.1.10), kisha atenganishe njia hizo mbili:

`git clone ssh://git@192.168.1.10/srv/git/mazao.git`
`cd mazao`
`git remote set-url --push origin https://seva.example/mazao.git`

Akumbuke tu kwamba alichosukuma mchana hakitaonekana kwenye kioo hadi usasishaji wa usiku. Anayekihitaji mapema aombe amri ya kusasisha iendeshwe kwa mkono.