Tuta la kuzama: mboga za kipupwe Mikindani

Mvua ikikatika mwezi wa tano, majirani zangu hapa Mikindani, pwani ya Mtwara, hutundika majembe. Mimi ndipo ninapoanza. Juni hadi Agosti jua halichomi sana na usiku kuna kaubaridi, hali ambayo sukuma wiki, chainizi na nyanya huipenda. Nyanya zangu za masika ziliishia kuoza kwa ukungu. Kipupwe shida ni moja tu, maji.

Ndiyo maana tuta langu haliinuki, linazama. Masika unainua tuta ili maji yatoke, kiangazi unachimba ili yabaki. Upana mita 1, nifike katikati bila kukanyaga. Urefu mita 3. Kina shubiri moja. Udongo wa juu weka kando, mwaga madebe mawili ya samadi ya mbuzi, rudisha udongo, changanya. Uso wa tuta ubaki chini ya kingo kama vidole vinne. Mwaka wa kwanza, bibi wa jirani alinikuta nachimba akaniuliza, "Mwanangu, unamzika nani?" Mwezi wa saba alipokuja kuomba mchicha, sikumkumbusha.

Samadi iwe imeoza kabisa. Niliwahi kutia mavi mabichi ya kuku, miche ya sukuma ikaungua kingo za majani, nikaanza upya. Chota kiganjani: ikiwa na joto na harufu kali, iache kwanza.

Mbegu za mchicha ni kama vumbi. Changanya kijiko kimoja na konzi tatu za mchanga mkavu, ndipo unyunyize kwenye vifereji na kufunika kidogo sana. Ikisongamana, ng'olea na ule hiyo hiyo. Wiki ya nne unavuna vizuri. Sukuma na nyanya zianzie kitaluni karibu mwezi mzima, uhamishe jioni, ukiacha sentimita 50 kati ya mche na mche. Matembele hayana makuu: kata rando lenye macho manne, fukia mawili.

Onja maji ya kisima chako kabla ya kuchagua cha kupanda. Visima vingi vya karibu na bahari vina chumvi. Ikiwa ni kidogo, mchicha na spinachi vitavumilia, maharage usijisumbue. Tuta moja nalipa ndoo ya lita 20 kila asubuhi, kisha natandaza nyasi kavu unene wa vidole viwili, zisiguse mashina. Bila matandazo, mchanga wetu huu saa sita umeshakauka, na upepo wa kusi unamalizia. Upande unakotokea upepo nimesimamisha makuti, na pande zilizobaki nyavu chakavu za uvuvi. Kuku wa jirani hawajapata mlango bado.

Jambo jingine wageni hawalijui: huu ndio msimu wa kupulizia mikorosho salfa, dawa ya unga ya kuzuia ukungu. Wenye mashine huanza alfajiri upepo ukiwa umetulia, na vumbi la njano linafika hadi kwenye bustani. Ukisikia mashine inanguruma, funika tuta kwa kanga kuukuu. Mboga ya asubuhi hiyo iache, chuma jioni, na uioshe kwa maji mawili.