Kazi Yako Inapopewa Mashine: Jinsi ya Kudai Haki Nchini Kenya

Serikali ya Kenya ilizindua Mkakati wa Kitaifa wa Akili Unde (AI) wa 2025–2030 mwezi Machi 2025, lakini mkakati si sheria, na karani ambaye simu za wateja wake sasa zinapokelewa na programu hawezi kushtaki kwa kuutegemea huo pekee. Silaha zake zimo katika sheria mbili za zamani kidogo: Sheria ya Ajira ya 2007 na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019.

Barua ya kukuachisha kazi ikifika, soma kwanza sababu iliyotajwa. Kufuta nafasi kwa kuwa mashine imeichukua ni kupunguza wafanyakazi, hata kama barua inazungumzia "mageuzi ya kidijitali", na kwa hiyo kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira kinatumika. Chama chako cha wafanyakazi na afisa wa leba wa eneo lako lazima wawe wamearifiwa sababu na kiwango cha upunguzaji angalau mwezi mmoja kabla. Ikiwa huna chama, arifa ya maandishi huletwa kwako binafsi na kwa afisa huyo. Nenda mwenyewe ofisi ya leba uulize kama arifa ilipokelewa na lini, kwani swali hilo dogo laweza kugeuza kesi nzima.

Kisha piga hesabu. Malipo ya chini kabisa ya kupunguzwa kazi ni mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliokamilika, hivyo aliyetumikia miaka 6 kwa shilingi 45,000 kwa mwezi anastahili siku 90, yaani shilingi 135,000 mwezi ukihesabiwa kuwa siku 30, mbali na notisi ya mwezi mmoja au malipo yake, pamoja na likizo ambayo hakuitumia.

Hali ni tofauti programu inapofunga akaunti ya dereva wa teksi ya mtandaoni usiku wa manane bila mtu kulitazama faili lake. Huenda dereva huyo asitambuliwe kuwa mwajiriwa, lakini kifungu cha 35 cha Sheria ya Ulinzi wa Data hakimbagui: uamuzi mzito uliotolewa na mashine pekee lazima aarifiwe kwa maandishi, naye anaweza kuomba ufikiriwe upya. Barua fupi inatosha: "Naomba kujua ikiwa uamuzi huu ulitolewa na mashine pekee, na ni taarifa zangu zipi zilizotumika, naomba pia mtu aupitie upya." Asipojibiwa, alalamike kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data, ambaye anatakiwa kukamilisha uchunguzi ndani ya siku 90.

Madai ya ajira yana muda wa miaka 3 kufikishwa mahakamani, ila ushahidi hauna subira hiyo. Mkataba wako, hati za mshahara na picha ya ujumbe wa kufungiwa akaunti viweke kwenye simu yako mapema, kabla nenosiri la kazini halijaacha kufanya kazi.