Somo: Maswali ya uwiano yanayotaka aljebra (KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari Kenya)

Vijana wa kidato cha nne, hasa nyinyi wa Kisauni na Likoni mlioliomba somo hili: maswali ya uwiano si magumu kwa hesabu yake, ni magumu kwa kusomwa. Mtahiniwa akiona 7:4 huanza papo hapo kuongeza na kutoa kwenye hizo 7 na 4, na swali limeshampotea. Uwiano haukwambii vitu ni vingapi. 7:4 yaweza kuwa 70 na 40, yaweza kuwa 140 na 80.

Tuchukue hili. Muuzaji wa Kongowea ana maembe na mananasi kwa uwiano wa 7:4. Akiuza maembe 20 na kuletewa mananasi 10 zaidi, uwiano unakuwa 4:3. Mwanzoni alikuwa na maembe mangapi?

Hatua ya 1. Andika majina kabla ya namba: maembe, kisha mananasi. Mpangilio huo usigeuke mpaka mwisho.

Hatua ya 2. Zidisha kila sehemu ya uwiano kwa herufi moja: maembe 7x, mananasi 4x. Lazima iwe x ile ile. Ukiandika 7x na 4y umejitafutia kazi ya bure.

Hatua ya 3. Mabadiliko yafanye kwenye idadi, usiyafanye kwenye uwiano. Maembe yaliyobaki ni 7x − 20. Mananasi sasa ni 4x + 10.

Hatua ya 4. Unda mlinganyo, uzidishe kimsalaba:

(7x − 20)/(4x + 10) = 4/3
3(7x − 20) = 4(4x + 10)
21x − 60 = 16x + 40
5x = 100
x = 20

Angalia mstari wa pili na wa tatu. Ile 3 inazidisha 7x na inazidisha 20 pia. Anayeandika 21x − 20 anaharibu kila kitu kinachofuata, na mabano ndiyo yanayowaponza wengi kuliko uwiano wenyewe.

Hatua ya 5. Rudi kwenye swali. Tumeulizwa maembe, hatukuulizwa x. 7 × 20 = 140.

Hatua ya 6. Hakiki. 140 − 20 = 120, na 80 + 10 = 90. 120:90 ni 4:3. Sawa.

Na tafadhali andikeni mistari yote. Wasahihishaji wa KCSE hutoa alama za njia na alama za jibu. Jibu likikosewa lakini njia ikaonekana, hutoki mikono mitupu.

Maswali ya wanachama

— Mwalimu, kwenye umri nakwama. Baba na mwana ni 7:2 leo. Baada ya miaka 10 watakuwa 9:4. Napata jibu lisilo sahihi.

Bila shaka umemwongezea miaka mmoja tu. Miaka inapita kwa wote wawili: (7x + 10)/(2x + 10) = 9/4. Hapo 28x + 40 = 18x + 90, x = 5. Baba ana miaka 35, mwana 10.

— Maalim, na wakiwa watu watatu? Amina kwa Riziki ni 2:3, Riziki kwa Zuhura ni 4:5, nao wanagawana shilingi 70,000.

Riziki yuko kwenye kila uwiano, basi msawazishe yeye kwanza. Huku ni 3, kule ni 4. Namba ndogo kabisa inayogawanyika kwa zote mbili ni 12. Zidisha uwiano wa kwanza kwa 4: 8:12. Wa pili kwa 3: 12:15. Sasa una 8:12:15, jumla yake sehemu 35, kila sehemu shilingi 2,000. Amina 16,000, Riziki 24,000, Zuhura 30,000.

— Mwalimu, binti yangu akipata x yenye desimali hufuta yote. Afanye hivyo?

La, mama, asifute. Atazame kwanza kinachohesabiwa. Kama ni kilo za mchele au fedha, x ya 2.5 haina ubaya wowote. Hata kwenye vitu visivyokatika, x ya 2.5 kwenye uwiano wa 4:6 inatoa 10 na 15, vitu vizima kabisa. Nusu embe au nusu mtu ikitokea kwenye idadi yenyewe, ndipo arudi kwenye mabano. Na asifute: apige mstari mmoja, aandike upya chini yake.