Dawa za saratani ndani ya chembe za nano: kuzitunza, kuzichanganya na kuziweka katika wodi za kemo Mombasa

Mwongozo huu ni wa wauguzi na wahudumu wa famasia. Sehemu kubwa inahusu doksorubisini ya liposomu, na mwishoni tunagusa paklitakseli iliyofungwa kwa albumini, protini ya damu. Dozi huandikwa na daktari wa saratani. Kazi yenu huanza karatasi yake inapofika mezani.

Ukishika kichupa cha doksorubisini ya liposomu umeshika vitu viwili, dawa na chombo kilichoibeba. Chombo hicho, liposomu, ni kiputo cha mafuta chenye upana wa nanometa 80 hadi 100, ilhali unywele mmoja wa kichwa una nanometa 80,000 hivi. Doksorubisini imefungiwa ndani, na nje kumepakwa koti la polietilini glikoli ili seli za ini na wengu zisikinyakue upesi. Kwa sababu ya koti hilo dawa huzunguka kwenye damu kwa siku kadhaa, na inachukua takriban saa 55 kupungua nusu. Mishipa ya damu inayolisha uvimbe huwa na matundu makubwa kuliko mishipa ya kawaida, nayo chembe hupenya humo. Wajapani Matsumura na Maeda waliieleza hali hiyo mwaka 1986, na mwaka 1995 Marekani ikaidhinisha Doxil, dawa ya kwanza ya aina hii. Ulaya huiita Caelyx.

Mgonjwa aelezwe ukweli kuhusu faida yake. Dawa hii haiendi kwenye uvimbe peke yake kama mshale. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2016, uliokusanya majaribio mengi ya wanyama, ulikuta kwamba kiwango cha kati cha chembe za nano zinazofika kwenye uvimbe ni 0.7% tu ya zilizodungwa. Faida iliyo dhahiri ni kwamba moyo huumia kidogo kuliko kwa doksorubisini ya kawaida, na nywele na tumbo pia husumbuka kidogo. Kwa mama mwenye saratani ya ovari iliyorudi, hilo si jambo dogo.

Baridi kabla ya yote

Dawa hukaa kati ya nyuzi 2 na 8, na isigande. Mombasa tunahofia joto, na kwa hofu hiyo watu hugandisha dawa. Pakiti za barafu zinatolewa friza zikiwa ngumu kama jiwe, zinabanwa ubavuni mwa vichupa, na mzigo unafika umeganda upande mmoja. Ziache kwanza pakiti mezani mpaka zitoke jasho na, ukizitikisa, usikie maji yakicheza ndani. Halafu weka kadibodi kati yake na vichupa, na kipimajoto katikati ya vichupa, si juu ya barafu. Mzigo ukivuka Likoni, kikasha kikae ndani ya gari pamoja na abiria. Kwenye foleni ya feri mchana wa Machi, buti ya gari ni tanuri.

Kwenye friji, weka rafu ya kati. Mlango hupata joto kila ukifunguliwa, na karibu na friza dawa huganda. Soma kipimajoto asubuhi na jioni na uandike. Stima ikikatika, funga mlango na uandike saa. Usifungue kila baada ya dakika kumi kuangalia, kwa sababu kufungua huko ndiko kunakoharibu. Kipimo kikikaribia 8, hamishia kikashani. Kichupa kilichoganda au kilichopata joto kitengwe na kuwekwa alama, na mfamasia aamue.

Doksorubisini ya kawaida isikae rafu moja na ya liposomu. Majina yanafanana, zote nyekundu, na kosa la kubadilishana linaweza kuua, maana dozi na ratiba zao ni tofauti kabisa. Inua kichupa kwenye mwanga: ya kawaida ni nyekundu angavu kama sharubati iliyochujwa, ya liposomu ina ukungu mwekundu. Kwenye karatasi na kwenye mfuko, neno «liposomu» liandikwe kwa ukamilifu, bila kifupi.

Hesabu ya dozi

Kwa saratani ya ovari dozi ya kawaida ni miligramu 50 kwa kila mita ya mraba ya mwili, kila wiki 4. Kwa sakoma ya Kaposi, saratani inayoonekana sana kwenye ngozi, ni 20, kila wiki 3. Mpime mgonjwa uzito na urefu siku hiyo hiyo. Uzito wa mwezi uliopita usiutumie, kwani mgonjwa wa saratani hupungua haraka, na maji yakijaa tumboni huongezeka haraka vilevile.

Zidisha urefu kwa sentimita na uzito kwa kilo, gawanya kwa 3,600, kisha tafuta kipeuo cha pili. Mama wa sentimita 160 na kilo 62 anatoa 9,920, ukigawanya ni 2.76, na kipeuo chake ni mita za mraba 1.66. Mara 50 ni miligramu 83. Kila mililita ina miligramu 2, kwa hiyo utavuta mililita 41.5: kichupa kimoja cha mililita 25 na viwili vya 10. Mtu wa pili afanye hesabu yake mwenyewe bila kuona ya kwanza, ndipo mlinganishe.

Kabla ya kufungua chochote, angalia majibu ya damu. Neutrofili, seli nyeupe za kinga, ziwe angalau 1,500 kwa mikrolita na chembe sahani, zinazogandisha damu, angalau 75,000. Bilirubini, taka ya manjano inayoondolewa na ini, ikifika 1.2 kwa kipimo cha miligramu kwa desilita, dozi hupunguzwa, kwa sababu ini ndilo linaloiondoa dawa. Uliza pia kama aliwahi kupewa doksorubisini ya kawaida, hata kama ni miaka mingi nyuma na katika hospitali nyingine. Moyo hauanzi hesabu upya, na hatari hupanda jumla ya maisha inapokaribia miligramu 450 hadi 550 kwa mita ya mraba. Picha ya moyo iwe kwenye faili.

Kuchanganya

Fanya kazi ndani ya kabati la usalama, ukiwa na gauni na glavu mbili. Hapa kuna makatazo manne.

Tumia dekstrosi 5% peke yake. Maji ya chumvi yaliyozoeleka wodini hayafai hapa, yanaweza kuvuruga chembe zikashikana. Dozi isiyozidi miligramu 90 huingia kwenye mililita 250, ikizidi hapo tumia 500. Kwa mama wetu, toa kwanza mililita 41.5 za dekstrosi kwenye mfuko wa 250, ndipo uingize dawa, ili jumla ibaki 250. Hesabu ya matone itakuwa nyepesi baadaye. Pindua mfuko taratibu mara chache, usiutikise.

Usiweke kichujio kwenye mrija. Usichanganye na dawa nyingine yoyote. Na maji ya sindano yenye vihifadhi, kama alkoholi ya benzili, yasiguse dawa hii. Mfuko uliochanganywa urudi friji na utumike ndani ya saa 24.

Dripu, na dakika kumi na tano za kwanza

Anza kwa miligramu 1 kwa dakika. Katika mfuko wetu wa miligramu 83 ndani ya mililita 250, hiyo ni mililita 3 kwa dakika, yaani 180 kwa saa kwenye pampu. Kama pampu haipo na seti ni ya matone 20 kwa mililita, ni matone 60 kwa dakika: tone moja kila sekunde ya saa ya ukutani. Dakika 15 zikipita salama, mililita 45 zimeingia na 205 zimebaki. Panda hadi matone 91 kwa dakika, au 273 kwa saa, na saa nzima ikitimia mfuko umekwisha.

Usiondoke kando ya kitanda katika dakika hizo 15. Mwili wa baadhi ya wagonjwa huzitambua chembe kama adui na kuzishambulia, na hilo hutokea zaidi mara ya kwanza kabisa, hata kwa mtu asiyewahi kuugua mzio. Kadiri chembe zinavyoingia kwa kasi ndivyo shambulio linavyokuwa kali, na ndiyo maana ya mwendo wa polepole. Uso huwaka, kifua hubana, mgongo huuma ghafla, pumzi hukatika, shinikizo la damu hushuka. Maumivu ya mgongo ndiyo yanayopuuzwa, kwani mgonjwa hudhani ni kiti. Mwambie mapema: «Mama, mgongo ukiuma au kifua kikibana, usivumilie. Niite hapo hapo.» Watu wetu wamelelewa kuvumilia, na akina mama wazee hata hawapendi kumsumbua sista. Lirudie neno hilo mara mbili.

Likitokea, funga dripu mara moja, kisha mwite daktari. Oksijeni, adrenalini, hidrokotisoni na dawa ya mzio ziwe mezani tangu mwanzo. Ikiwa ilikuwa hafifu na ikatulia, daktari anaweza kuagiza kuanza tena kwa mwendo wa chini zaidi. Ikiwa kali, mgonjwa hapewi tena dawa hii.

Mfuko ukiisha, mazoea ya mkono ni kusukuma mililita 20 za maji ya chumvi kwa nguvu. Hapana. Dawa iliyobaki kwenye mrija itaingia yote kwa mpigo mmoja, na mzio uliokwepwa kwa saa nzima utakuja sasa. Osha mrija kwa dekstrosi, polepole. Dawa ikivuja nje ya mshipa haichomi nyama kama ile ya kawaida, lakini inaudhi: simamisha, toa kanula, weka barafu iliyofungwa kitambaa kwa vipindi. Kwa mwenye kisukari, kumbuka mfuko huo una karibu gramu 10 za dekstrosi, yaani sukari, na upime.

Viganja na nyayo

Tatizo linalowasumbua zaidi wagonjwa wa dawa hii huanzia nyumbani, mara nyingi baada ya dozi ya pili au ya tatu. Chembe zinazozunguka kwa siku nyingi huvuja pia kwenye mishipa midogo ya ngozi, hasa palipo na joto, msuguano na mgandamizo, na dawa hutoka hata kwenye jasho. Viganja na nyayo huwasha, huwa vyekundu, huvimba, halafu ngozi hupasuka. Pwani yetu ina kila kitu kinacholichochea.

Kwa hiyo maelekezo yawe ya maisha ya hapa. Kwa siku 4 hadi 7 baada ya dripu, asikae kwenye mbuzi kukuna nazi, asikamue tui, asisukume chapati wala kufua kwa mkono. Maji ya kuoga na ya udhu yawe ya kawaida, yasiwe ya moto. Avae champali pana zisizobana, asitembee pekupeku kwenye mchanga wa mchana, asivae soksi wala glavu za kubana. Chini ya matiti, kwapani na mahali pa mkanda pakaushwe kwa kupangusa bila kusugua. Mikono aitie maji baridi mara kwa mara na kuipaka mafuta laini.

Hina aache mpaka matibabu yaishe. Rangi huficha wekundu tunaoutafuta, na piko nyeusi yenyewe huunguza ngozi za watu wengi. Arusi ikiwa karibu, zungumza naye kwa upole, kwa sababu unamwomba kitu kikubwa.

Kila ziara, shika mikono yake na uigeuze. Wekundu bila maumivu makubwa: dozi inaendelea. Maumivu yanayozuia baadhi ya kazi: dozi huahirishwa hadi wiki 2, ngozi itulie. Malengelenge au kushindwa kuvaa na kutembea: huahirishwa, na dozi ikianza tena hupunguzwa kwa robo. Anayeficha maumivu ili asikose dozi atapoteza dozi nyingi zaidi.

Mwambie pia mkojo utakuwa mwekundu siku ya kwanza au ya pili, na hiyo ni rangi ya dawa. Homa ya nyuzi 38 ni safari ya hospitali usiku huo huo. Mimba izuiwe wakati wote wa matibabu na miezi 6 baada yake.

Paklitakseli ya albumini

Hii ina chembe za nanometa 130 hivi, na jina lake la kibiashara linalojulikana ni Abraxane, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2005. Baadhi ya kanuni hapa ni kinyume, na ndipo watu huchanganyikiwa. Kichupa kisichofunguliwa huandikwa kikae nyuzi 20 hadi 25. Stoo isiyo na kiyoyozi Mombasa huvuka hapo karibu mwaka mzima, lakini friji haikidhuru, basi kiweke friji.

Kichupa cha miligramu 100 huyeyushwa kwa mililita 20 za maji ya chumvi. Elekeza sindano kwenye ukuta wa kioo na sukuma kwa dakika nzima au zaidi. Ukipiga unga moja kwa moja, povu litajaa kama yai lililopigwa. Kiache dakika 5 unga ulowe, kisha kizungushe taratibu kwa dakika 2 mpaka kiwe kama maziwa bila chembe zinazoonekana kwa macho. Povu likitokea, subiri dakika 15. Sasa ni miligramu 5 kwa mililita, inaingia kwenye mfuko mtupu bila kuongezwa kitu. Ukiona nyuzinyuzi, chanzo kinaweza kuwa mafuta ya silikoni kwenye sindano au mfuko: usitumie.

Kwa saratani ya matiti iliyosambaa ni miligramu 260 kwa mita ya mraba kila wiki 3, kwa dakika 30. Mama wetu wa 1.66 angehitaji miligramu 432, mililita 86.4, vichupa vitano.

Inayoumia hapa ni mishipa ya fahamu ya vidole. Usimuulize «je, una ganzi?» kwa sababu atasema hajambo. Muulize kama anafunga vifungo mwenyewe, kama anaokota shilingi sakafuni, na mwangalie anavyoingia mlangoni. Champali ikimtoka mguuni bila yeye kujua, dripu ya leo isifunguliwe kabla daktari hajamwona.