Kufunga Magurudumu ya Kaboni kwenye Baiskeli ya Graveli: Kazi Yote Iko kwenye Tepe

Ijumaa jioni kijana mmoja ninayepanda naye Menengai alinijia hapa Lanet na boksi la magurudumu mapya ya kaboni ya baiskeli yake ya graveli, yaani ile ya barabara za kokoto. Tairi zake hazitumii tyubu, kwa hiyo rimu huzibwa kwa tepe kwa ndani. Tulilaza tepe usiku huo, akarudi Jumamosi asubuhi, na kabla ya chai ya saa nne tairi zilikuwa zimeshika upepo. Mimi nilipofunga yangu nilikesha, na siku mbili zilizofuata bado nilikuwa nahangaika. Naandika ili usipite nilikopita.

Kwanza, ujue unachonunua. Magurudumu yangu ya zamani ya alumini niliyapima kwenye mizani ya bucha yakasoma gramu 1,950. Haya ya kaboni ni 1,420. Mimi, baiskeli na chupa za maji tunafika kilo 80, kwa hiyo nimepunguza chini ya asilimia moja. Kwenye mlima mkali wa nusu saa, hizo ni kama sekunde 12. Kilichonifurahisha zaidi ni upana. Rimu ya zamani ilikuwa milimita 19 kwa ndani, hii ni 25, na tairi ya milimita 40 inakaa imara. Kwenye kokoto za kuelekea Solai naiendesha na upepo mdogo na haiyumbi nikikata kona.

Hatua ya 1: Hakikisha yataingia

Baiskeli nyingi za graveli za breki za diski zina ekseli ya kupenya ya milimita 12, na upana wa habu (kitovu cha gurudumu) ni milimita 100 mbele na 142 nyuma. Pima yako kabla ya kutuma pesa. Baiskeli nyingi za mtumba bado zina ile ekseli nyembamba ya kufungua kwa kishikio, na magurudumu ya aina hii hayataingia. Angalia pia kama rota zako (sahani za breki) ni za bolti sita au za senta loki (zinazobanwa na ringi moja ya katikati), na kama frihabu (sehemu ya habu inayobeba kaseti) ni ya aina ya kaseti yako, yaani rundo la gia za nyuma.

Hatua ya 2: Hamisha kaseti na rota

Loki ringi (ringi ya kubania) ya kaseti hukazwa kwa nyutonimita 40, na ya rota za senta loki ni hivyo hivyo. Azima spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, kama huna. Kaseti ya Shimano ya gia 11 yenye meno 11 hadi 34 ikiingia kwenye frihabu ya barabara ya gia 11 inahitaji ringi ya milimita 1.85 nyuma yake, la sivyo itacheza. Usiguse rota kwa mikono yenye grisi.

Hatua ya 3: Tepe

Kama rimu yako haina matundu ya spoku kwa ndani, ruka hatua hii. Wengine wote, kaeni chini kwanza.

Rimu ya kaboni ina uwazi ndani. Upepo ukipata njia chini ya tepe, unaingia kwenye ule uwazi na kutokea popote penye tundu: kwenye nipeli (nati ndogo zinazoshika spoku) au kando ya valvu. Mimi sikulijua hilo. Usiku ule nilipaka povu la sabuni ukingo mzima wa tairi, nikabadilisha valvu mara mbili, nikaongeza silanti, yale maji mazito ya kuziba matundu. Asubuhi tairi ilikuwa imelala tena. Nilipogeuza gurudumu na kumulika tochi upande wa habu ndipo nikaona povu dogo, kama mate ya mtoto mchanga, likivimba na kupasuka kwenye nipeli moja iliyokuwa mbali kabisa na valvu. Nikavua tairi. Tepe ilikuwa na kunjo jembamba kama uzi, lililotoka kwenye tundu la spoku hadi kwenye ukuta wa rimu. Nilikuwa nimeivuta kilegevu. Upepo wote ulipita hapo.

Basi fanya hivi. Nunua tepe halisi ya rimu, iliyo pana kuliko upana wa ndani wa rimu kwa milimita 3 hadi 5. Ile nyeusi ya mafundi wa umeme usiitumie hata kama duka liko mlangoni kwako. Inanyooka, gundi yake inalainika, na utaibandua vipande vipande huku ukijuta. Safisha rimu kwa spiriti na kitambaa cheupe mpaka kitambaa kitoke cheupe. Petroli inaacha mafuta, usiiguse.

Anza sentimita 10 kabla ya tundu la valvu, zunguka, umalizie sentimita 10 baada yake, ili hapo pawe na tabaka mbili. Vuta kwa nguvu kila unapolaza, mpaka uone tepe inapungua upana kidogo. Bana gurudumu kati ya magoti, au mtu akushikie. Kandamiza katikati kwanza, kisha pande, kwa kidole gumba na kitambaa. Ukiona kiputo au kunjo, rudi nyuma pale pale. Usijiambie silanti itaziba. Tabaka moja lililovutwa vizuri linatosha. Ukirundika matatu, kuvalisha tairi kutakuwa vita.

Tundu la valvu toboa kwa shazia, ile sindano ya kushonea magunia. Wembe unaacha mipasuko inayoendelea kukua chini ya mpira wa valvu. Toboa kitundu kidogo cha duara, kisha sukuma valvu ijipanulie njia. Nati ya valvu kaza kwa vidole tu, koleo iache kwenye sanduku.

Sasa jambo ambalo silikosi tena. Toa hiyo valvu, weka tyubu ya kawaida, valisha tairi, jaza psi 40, uende ukalale. Tyubu inakandamiza tepe usiku kucha. Asubuhi fungua upande mmoja tu wa tairi, toa tyubu, rudisha valvu. Upande wa pili umeshakaa kwenye rimu, kwa hiyo pampu ya kusimama itatosha na huna haja ya kompresa ya petroli stesheni.

Hatua ya 4: Valisha na ujaze

Soma maandishi ya rimu. Zile zisizo na kulabu ya kushikia tairi ukingoni hazitakiwi kuzidi psi 72, na tairi iwe imeandikwa kwamba inaruhusiwa kwenye rimu hizo. Kuingiza tairi tumia liva za plastiki, si za chuma. Paka maji ya sabuni, jaza, usikilize milio miwili au mitatu ya tairi ikijipachika.

Hatua ya 5: Silanti

Mililita 80 kwa tairi ya 40, kupitia valvu iliyotolewa kiini. Zungusha, tikisa, laza gurudumu kila upande dakika kumi. Upepo ukitoka kwenye nipeli, rudi hatua ya 3. Ukitoka kwenye ukuta wa tairi, silanti itaumaliza.

Hatua ya 6: Breki

Rota ikigusa, legeza bolti mbili za kalipa (kifaa kinachobana rota), bana breki, kaza ukiwa bado umebana.

Mimi nina kilo 68, naanza na psi 30 mbele na 33 nyuma. Ukielekea Eburru, kwenye yale mawe meusi yanayokata kama kioo, ongeza psi 2. Rimu ikigonga jiwe kwa kishindo, shuka uikague kabla ya kuendelea. Na kila baada ya miezi miwili toa kiini cha valvu, chovya kijiti. Kikitoka kikavu, ongeza mililita 40.