Kustaafu Thailand: viza ni kitu kimoja, ruhusa ya kukaa ni kingine

Jamaa zangu wa biashara ya mawe ya vito wananiuliza sana, hasa wale tuliokuwa tunagongana Bangkok mitaa ya Silom au wikiendi kule Chanthaburi sokoni, eti mzee wewe unakaaje huko mwaka mzima wakati sisi tunakimbizana na viza ya siku 60, umeoa Mthai nini? Sijaoa Mthai. Nimefikisha umri tu, nikaweka hela benki, nikakubali kupanga foleni. Ngoja nieleze maana kuna watu wanapoteza pesa kwa kuchanganya vitu viwili ambavyo havifanani kabisa.

Viza ni hodi. Unapiga hodi kwa ubalozi, wanakwambia haya njoo. Tarehe iliyoandikwa kwenye viza ni mwisho wa KUINGIA, sio mwisho wa kukaa. Siku zako za kukaa zinaandikwa kwenye muhuri unaogongewa uwanja wa ndege, na huo muhuri ndo bosi wako. Mfano una viza inayoisha 30 Juni, umetua Suvarnabhumi, uwanja wa ndege wa Bangkok, 10 Aprili, ukapewa siku 90, basi unakaa mpaka 8 Julai na wala usihangaike na ile 30 Juni. Kinyume chake ndo balaa, mtu ana viza ya mwaka ya kuingia mara nyingi anadhani ana mwaka, kumbe kila akiingia anapewa siku 90 tu, anastuka ameshapitiliza. Faini ni baht (hela ya Thailand) 500 kwa siku mpaka ifike 20,000, na ukipitiliza kwa zaidi ya siku 90 unafungiwa kurudi hata kama umejipeleka mwenyewe. Kwa hiyo ukishagongewa tu, kabla hujatoka pale dirishani, soma tarehe. Piga picha na simu.

Sasa njia ya wastaafu. Sharti la kwanza uwe na miaka 50, hapo hakuna mjadala, 49 na nusu nenda kaongeze miezi. Njia iliyozoeleka ni kuomba viza ya Non-Immigrant O kwa ajili ya kustaafu, kwa mfumo wa mtandaoni wa thaievisa.go.th, na kwa sisi wa Kenya na Tanzania ubalozi wa Thailand unaotuhusu ni ule wa Nairobi. Unaingia, unapewa siku 90, halafu ndani ya hizo siku 90 unaenda ofisi ya uhamiaji ya mkoa unaokaa unaomba kuongezewa mwaka mmoja. Ada ya kuongeza ni baht 1,900. Ndio, umesoma vizuri, mwaka mzima kwa hela hiyo, kinachouma ni ile pesa ya benki.

Pesa ya benki ni baht 800,000, kwenye benki ya Thailand, kwa jina lako peke yako. Kwa dola piga elfu ishirini na kidogo, inategemea siku hiyo baht imeamkaje. Au uwe na kipato cha baht 65,000 kwa mwezi, au uchanganye vyote viwili, kipato cha mwaka ujumlishe na akiba mpaka ifike 800,000. Kwa mtu wa mafao ya nyumbani hiyo ya mwezi ni ngumu tusidanganyane, ila ndugu zetu waliofanya kazi Uingereza au Marekani wakapata pensheni za huko wanaiweza. Kuna kitu kimoja tu, balozi za Marekani, Uingereza na Australia ziliacha kutoa zile barua za kuthibitisha kipato tangu 2019, kwa hiyo uhamiaji wanataka kuona hela inaingia kweli kutoka nje kila mwezi kwenye akaunti yako ya Thailand.

Kwenye akiba watu wanakosea hesabu ya siku. Hiyo 800,000 inatakiwa iwe imelala benki miezi miwili KABLA ya kuomba. Wewe una siku 90 tu kwenye muhuri. Toa 60, zimebaki 30, na ndani ya hizo 30 ufungue akaunti, utume hela, ifike. Na akaunti haifunguki kwa tabasamu, tawi hili watakwambia leta barua ya makazi, tawi la pili watakwambia hatufungulii wageni, la tatu mtoto wa watu anakufungulia kwa nusu saa na maji ya kunywa anakupa. Usikate tamaa, zunguka matawi. Ila anza wiki ya kwanza, sio ukifika unaenda kwanza kula bata Pattaya halafu siku ya 40 ndo unakumbuka benki.

Ukishapewa mwaka, hela usiiguse miezi mitatu. Baada ya hapo unaruhusiwa kushuka lakini isipungue 400,000 siku yoyote ile, hata kwa siku moja. Halafu miezi miwili kabla ya kuomba tena irudi 800,000. Ukipiga hesabu, kwenye miezi 12 ni miezi 7 tu ambayo nusu ya hela yako iko huru. Mimi ushauri wangu ihesabu kama hela uliyoizika, ishi kwa nyingine. Mtu ambaye hiyo 800,000 ndo kila kitu alichonacho, asije, maana siku akilazwa hospitali ataitoa na kibali kitakwenda nayo.

Na kuna mawakala watakaokwambia usihangaike, sisi tunakuwekea hela benki kwa muda, unatulipa kidogo. Watu wanafanya, nisijifanye sijui. Lakini unatoa karatasi ya uongo kwa serikali ya watu ukiwa nchini kwao, siku wakifumua hilo faili mwenye jina kwenye paspoti ni wewe, wakala hajulikani alipo.

Kuna pia viza ya O-A, hiyo unaombea nje na unapewa mwaka moja kwa moja, ila inataka cheti cha polisi, cheti cha daktari na bima ya afya ya kuanzia dola 100,000, na bima inaendelea kudaiwa kila ukiongeza. Kwa mzee wa miaka 70 bima ya hivyo inaumiza. Ile ya O ya kawaida haidai bima, ingawa kukaa ugenini bila bima ni kucheza kamari. Wenye nazo haswa, kuna viza ya miaka 10 ya kukaa muda mrefu inaitwa LTR, kipato cha dola 80,000 kwa mwaka, sina la kusema zaidi.

Haya sasa lililonipata mimi. Dada yangu alifariki Tanga, nikapigiwa saa nane usiku, asubuhi niko kwenye ndege. Nani anafikiria karatasi kwenye msiba? Kumbe ukishaongezewa mwaka, ukitoka nchini bila kibali cha kurudi, ule mwaka unakufa palepale unapogongewa muhuri wa kutoka. Kibali chenyewe ni baht 1,000 kwa safari moja au 3,800 kwa safari zote mpaka muhuri uishe, na pale Suvarnabhumi kuna dawati la kukitoa siku hiyohiyo unaposafiri. Mimi nilipita hapo mbio. Nikaja kugundua Dar kwenye kaunta ya ndege narudi, binti anafungua paspoti kurasa zote anauliza, baba viza yako iko wapi? Viza ilishatumika, mwaka umekufa. Nikaanza upya kabisa, Nairobi, siku 90, benki, foleni, miezi mitatu na zaidi imekwenda. Siku hizi nikichukua mwaka nalipia 3,800 siku ileile, kwenye ofisi ileile.

Ripoti ya siku 90 nayo sio viza, ni kusema tu bado nipo na naishi hapa. Kila siku 90 mfululizo ukiwa ndani unaripoti, ukienda mwenyewe unaweza kuanzia siku 15 kabla mpaka siku 7 baada, kwa posta au mtandaoni iwe mapema kabla ya tarehe, mtandao wenyewe ukibahatika ufunguke. Haina ada, ukichelewa faini baht 2,000. Ukitoka nchini hesabu inaanza upya siku unayorudi. Halafu kuna fomu TM30, hiyo ni ya mwenye nyumba, anatakiwa akuripoti ndani ya saa 24 ukihamia kwake. Muulize KABLA hujalipa kodi, maana akiwa haitaki utakwama wewe uhamiaji, sio yeye.

Kwa jamaa zangu wa mawe sasa, sikilizeni. Kibali cha kustaafu hakiruhusu kazi. Kukaa kwenye meza Chanthaburi umetandaza mawe ya Songea unasubiri mnunuzi ni kazi, hata kama unajiita mstaafu. Biashara ina viza yake na kibali chake cha kazi. Mimi sasa hivi nikienda sokoni nakunywa kahawa na nasalimia, lupu, ile lenzi ya kukagulia mawe, nimeiacha nyumbani.

Kutoka huku kwetu usisahau kadi ya homa ya manjano, chanjo iwe na siku 10 kabla ya safari, na ile kadi ya kuingilia ya mtandaoni iliyoanza Mei 2025, unaijaza ndani ya siku tatu kabla ya kutua, ni BURE, ukikuta tovuti inakuomba dola umepotea njia. Siku ya uhamiaji vaa suruali ndefu, beba picha ya sentimita 4 kwa 6, kopi za kila ukurasa wenye muhuri zikiwa na sahihi yako, kitabu cha benki kilichopigwa chapa asubuhi hiyohiyo, na barua ya benki. Mimi wananirudishaga kwa kopi moja kila mwaka, mashine ya kopi iko nje pale kwa mama mmoja anayenijua sasa kwa sura.