Ribiti ya ndege: pima mkia kabla ya kugonga

Wadogo zangu mnaojifunza ufundi wa ndege hapa Dar, ribiti ya kugonga, yaani pini ya kuunganisha mabati, si kama ile ya kuvuta ya madirisha ya alumini. Mkia unaotokeza nje ya mabati uwe mara 1.5 ya kipenyo: ribiti ya milimita 3.2 iache karibu 4.8. Ukigongwa, kichwa kipya kiwe na upana huohuo wa 4.8 na kimo cha 1.6. Mkia mrefu hulala upande, mfupi haushiki.

Tazameni pia kichwa cha kiwandani. Kishimo kidogo katikati ni alama ya aloi 2117, yaani alumini iliyochanganywa na metali nyingine. Kisicho na alama ni alumini laini.

Ribiti iliyopinda msiinyooshe kwa nyundo, tafadhali. Itoboeni kichwani kwa drili, muweke mpya.